Taarab ya Mombasa: Sauti zilipaa, riziki ikayumba

KATIKA kisiwa cha Mombasa, umaarufu wa mwimbaji na hali yake ya maisha ni mambo mawili ambayo kwa nadra yameandamana. Kwa zaidi ya nusu karne, waimbaji wa taarab wa mji huo walisikika kutoka Lamu hadi Tanga, Unguja na hata Muscat na Dubai, ambako Waswahili waliohamia huko walizibeba kanda zao kama wanavyobeba viungo vya pilau.

Hata hivyo, kazi ya waimbaji hao ilipanda na kushuka kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuhusiana na uzuri wa sauti zao. Ilitegemea arusi, chombo kilichotumika kunasa sauti, na sheria iliyoamua nani ni mwenye wimbo. Chombo kimoja kilipobadilika, kundi zima la wasanii lilipanda au liliporomoka.

Makala haya yanaeleza jinsi fani hiyo ilivyokua katika Mji wa Kale na mitaa iliyouzunguka, wasanii waliovuma, na sababu zilizoyumbisha riziki yao.

Chimbuko

Taarab huhusishwa kwanza na Unguja. Kwa mujibu wa simulizi iliyoenea, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, aliwaleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka kijana wa Kiunguja Cairo ili ajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 ndipo kilipoundwa Unguja chama cha Ikhwani Safaa, ambacho ni miongoni mwa vyama vikongwe vya muziki katika Afrika Mashariki.

Aliyeitoa taarab katika baraza za wakubwa na kuifikisha kwa watu wa kawaida ni Siti binti Saad. Mnamo 1928 mwanamke huyo mzaliwa wa Fumba alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na maisha yake yakaandikwa na Shaaban Robert katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad.

Mombasa haikuwa mwanafunzi tu wa Unguja. Mji huo ulikuwa na hazina yake ya ushairi, hasa tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki takriban mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalighaniwa kuhusu siasa, vita, mapenzi na njaa. Kutoka upande wa kaskazini, Lamu iliupa mji huo ngoma za gungu na nyimbo zilizoimbwa kwa kinanda cha nyuzi, chombo kilichotangulia udi wa Kimisri katika nyumba nyingi za pwani.

Kwa hivyo kampuni za santuri za Ulaya zilipoanza kuwatafuta waimbaji wa pwani mwishoni mwa miaka ya 1920, ziliukuta mji ambao tayari ulikuwa na washairi, wapigaji na, juu ya yote, wasikilizaji wenye masikio makali. Katika miaka ya 1950 kituo cha redio cha Sauti ya Mvita, kilichotangaza kutoka Mombasa, kiliwaongezea wasanii hao jukwaa jingine.

Arusi ndiyo iliyolipa

Tofauti na Unguja, ambako taarab ilikuzwa na vyama vyenye wanachama, ukumbi na baadaye msaada wa serikali, taarab ya Mombasa ilisimama juu ya bendi ndogo zilizobeba jina la kiongozi wake. Bendi hizo ziliitwa kwa Kiingereza cha mjini 'Musical Party', na mwajiri wao mkuu alikuwa baba wa bibi au bwana arusi.

Kwa kawaida shughuli ilifanyika usiku katika uwazi kati ya nyumba, au katika barabara iliyofungwa kwa ruhusa na kuwekwa viti na mikeka. Waimbaji walikaa kitako badala ya kusimama, vipaza sauti vikaelekezwa mtaani, na wimbo mmoja uliweza kuchukua robo saa. Wanawake walikuwa na upande wao, au usiku wao.

Malipo yalikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni ujira uliokubaliwa na mwenye shughuli, ambao uligawanywa kati ya wapigaji wote. Ya pili ni tunzo. Msikilizaji aliyeguswa na beti fulani aliinuka, akapita mbele ya hadhira yote na kumtunza mwimbaji kwa noti.

Tendo hilo lilikuwa na maana zaidi ya fedha. Mashairi ya taarab hujaa mafumbo, na anayeinuka kutunza katika beti la kusuta au la kulalama huwa amesema mbele ya mtaa mzima jambo ambalo asingeweza kulitamka kwa kinywa chake. Mwimbaji mwerevu alijua ni wimbo gani ungewainua watu gani, na mara nyingi tunzo za usiku mmoja mwema zilimfaa kuliko ujira wenyewe.

Lakini mapato hayo yalifuata kalenda. Mwezi wa Ramadhani hapakuwa na arusi wala muziki, na bendi zilisubiri Idi. Msimu uliotangulia mfungo ulikuwa wa neema, watu wakikimbilia kuozesha kabla ya mwezi mwandamo. Kukitokea kifo mtaani, muziki ulifutwa au kuahirishwa kwa heshima ya wafiwa. Ndiyo maana wanamuziki wengi walikuwa na kazi nyingine za mchana.

Juma Bhalo na mahadhi ya Kihindi

Hapana jina linaloeleza kilele cha taarab ya Mombasa kuliko la Mohamed Khamis Juma Bhalo. Alizaliwa Malindi mwaka 1942, akaja kuwa mwimbaji aliyepapiwa zaidi katika Mji wa Kale, hata wapenzi wake wakamvisha cheo cha 'Profesa'.

Bhalo alikuwa kinara wa mkondo ulioitwa taarab ya Kihindi. Katika miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, filamu za India zilitia fora katika majumba ya sinema ya Mombasa kama Regal na Naaz. Vijana wa Kiswahili waliokuwa hawajui Kihindi walitoka humo wakiwa wamekariri nyimbo za Mohammed Rafi, Mukesh na Lata Mangeshkar.

Waimbaji wa mkondo huo walichukua mahadhi ya nyimbo za filamu na kuyatilia mashairi ya Kiswahili, wakisindikizwa na harmoniamu au kinanda cha umeme pamoja na tabla. Asiyejua angedhani ni jambo jepesi. Shairi la Kiswahili lina mizani yake, kwa kawaida minane katika kila kipande cha mshororo, na vina vyake vya kati na vya mwisho. Mahadhi ya filamu hayakutungwa kwa vipimo hivyo. Mshairi alilazimika kuyasikiliza kwanza, ahesabu mapigo, kisha atunge beti ambazo zingeingia humo bila kuvunja vina wala kupotosha maana.

Hapo ndipo Bhalo alipobahatika. Jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili wa karne ya 20. Tungo zake zilichapishwa Marekani mwaka 1966 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries, na diwani yake ya Malenga wa Mvita ikatoka mwaka 1971. Mshairi huyo alimtungia mwimbaji huyo nyimbo nyingi, na wasikilizaji wakapata vitu viwili kwa pamoja: mahadhi waliyoyapenda sinemani na Kimvita safi cha nyumbani.

Lahaja hiyo ilikuwa sehemu ya mvuto. Kimvita husema 'mato' pale Kiswahili sanifu kinaposema 'macho', na 'ndia' badala ya 'njia', kama linavyoshuhudia jina la barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale. Kwa wakazi waliokuwa wakiona shule, ofisi na redio zikielekea upande wa sanifu, kumsikia mwimbaji akitumia lugha ya mama zao katika kipaza sauti lilikuwa jambo la fahari.

Lahaja hiyo hiyo pamoja na mafumbo yake vilimwekea mwimbaji mpaka. Msikilizaji wa Nakuru au Kisumu angeweza kuyafurahia mahadhi, lakini nusu ya maneno ingempita. Soko la taarab ya Kihindi likabaki kwa Waswahili wa pwani na ndugu zao walio ng'ambo, ambalo ni soko lenye mapenzi makubwa lakini idadi ndogo.

Bhalo aliacha kuimba hadharani miaka kadhaa kabla ya kifo chake, naye alifariki mjini Mombasa Aprili 2014. Kanda zake, nyingi zikiwa zimerekodiwa moja kwa moja arusini, zilikuwa zimekwisha kuenea mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kuimba.

Zein na udi

Mkondo wa pili ulifuata njia ya Uarabuni na Lamu. Kiongozi wake alikuwa Zein l'Abdin, jina lake kamili likiwa Zein Ahmed Alamoody, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kuhamia Mombasa. Zein alikuwa mpigaji wa udi wa hali ya juu, na wajuzi wengi walimhesabu kuwa hana mfano katika pwani ya Kenya.

Kama Bhalo alivyokuwa na Ahmad Nassir, Zein alikuwa na Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mwanazuoni na mshairi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017. Nabhany alimpa mashairi mapya na pia akamfungulia hazina ya tungo kongwe ambazo zilikuwa zikielekea kusahauliwa.

Zein aliimba arusini kama wenzake, lakini alipata mlango ambao wengi hawakuupata. Wachapishaji wa muziki wa Ulaya, waliokuwa wakitafuta sauti ambazo hazijachanganywa na gitaa la dansi, walivutiwa na udi wake. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake iitwayo Mtindo wa Mombasa, na baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani ikatoa The Swahili Song Book.

Kwa njia hiyo, mzee aliyejulikana katika vichochoro vya Mji wa Kale akawa anaandikwa katika majarida ya muziki ya Ulaya. Zein alifariki mwaka 2016.

Wanawake na chakacha

Mkondo wa tatu ulitoka uani kwa wanawake. Chakacha ni ngoma ambayo wanawake wa pwani huicheza wenyewe kwa wenyewe usiku wa arusi, kwa mapigo ya kasi na nyimbo fupi za kejeli. Zuhura Swaleh, ambaye jina lake lilianza kuvuma katika miaka ya 1970, aliyachukua mapigo hayo na kuyaingiza katika taarab ya bendi.

Sauti nyingine iliyoutambulisha muziki wake ni taishokoto, chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, ambacho mafundi wa pwani walikitia umeme. Mpigaji Mohamed Adio Shigoo ndiye aliyekipa chombo hicho heshima Mombasa. Albamu ya Zuhura, Jino la Pembe, ilitolewa na GlobeStyle mwaka 1992.

Maulidi Juma naye alikuwa na bendi iliyochanganya mahadhi ya Kihindi na chakacha ili kuzichangamsha arusi. Albamu yake iliyotoka London mwaka 1990 ilipewa jina la Mombasa Wedding Special, ambalo lilitangaza bila kuficha mahali riziki ya wasanii hao ilipotoka. Matano Juma na kundi la Morning Star Orchestra, pamoja na Yaseen Mohamed, ni majina mengine ya enzi hiyo ambayo wazee wa Mombasa huyataja bila kusita.

Asha Abdo Suleiman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Malika, alifika mbali zaidi kibiashara. Alishirikiana na bendi ya Them Mushrooms, na mwaka 1997 kampuni ya Shanachie ya Marekani ikatoa albamu yake ya Tarabu. Mashairi yake yalikuwa mepesi kueleweka, na hivyo yakauvuka mpaka ambao Kimvita cha mafumbo hakikuuvuka.

Kanda: Baraka na balaa

Katika miaka ya 1960, duka la Assanand na Wanawe la Mombasa lilikuwa na lebo yake ya santuri, Mzuri, iliyotoa nyimbo nyingi za taarab. Santuri ilikuwa na dosari moja kubwa kwa fani hii: upande mmoja wa santuri ndogo haukuweza kubeba zaidi ya dakika chache. Wimbo wa robo saa ulilazimika kukatwa beti.

Hata hivyo santuri ilikuwa na faida kwa msanii. Haikuwezekana kuinakili nyumbani. Kila aliyetaka wimbo alilazimika kununua santuri halisi, na idadi ya nakala zilizotengenezwa kiwandani ilijulikana.

Kanda iliubadilisha mpango huo. Kifaa hicho, kilichobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi na kuzinduliwa mwaka 1963, kilienea pwani katika miaka ya 1970. Kanda moja ilibeba saa nzima au zaidi, hivyo wimbo ukaingia mzima pamoja na vifijo vya hadhira. Maduka ya kanda ya Mombasa, likiwemo lile mashuhuri la Mbwana Radio Service, yakawa ndiyo maktaba ya taarab ya mji.

Mtu alifika dukani, akataja mwimbaji, arusi na hata mwaka, naye akanakiliwa kanda papo hapo. Waliosafiri kwenda Uarabuni au Uingereza waliondoka na kanda kumi mkobani. Umaarufu wa waimbaji haukuwahi kuwa mkubwa kama katika miaka hiyo.

Lakini kanda iliyouzwa leo ilizaa kanda tano kesho katika nyumba za jirani. Arusini, kila mwenye redio ya kurekodia aliiweka karibu na kipaza sauti. Kwa kawaida mwimbaji alipata malipo ya mara moja kwa rekodi ya dukani, na hakupata chochote kwa rekodi za arusini. Kila nakala ilimwongezea jina bila kumwongezea senti.

Zaidi ya hayo, kanda ilianza kushindana na mwimbaji mwenyewe. Mwenye shughuli asiye na uwezo wa kuita bendi angeweza kukodi vipaza sauti na kucheza kanda za bendi hiyo hiyo. Kufikia miaka ya 1990, wacheza santuri na baadaye wacheza sidii walikuwa wamezichukua arusi nyingi, hasa sherehe za wanawake zilizohamia katika kumbi.

Nani mwenye wimbo?

Swali hilo ni gumu zaidi katika taarab kuliko katika muziki mwingine. Katika wimbo mmoja wa taarab ya Kihindi, maneno ni ya mshairi, mahadhi ni ya mtungaji wa filamu wa Bombay, sauti ni ya mwimbaji, na kanda ni ya mwenye duka. Hadhira humtaja mwimbaji peke yake.

Kenya ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu miaka ya 1960, na chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983. Sheria mpya ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2003. Sheria hiyo inatofautisha haki ya mtungaji, haki ya mwimbaji na haki ya mwenye rekodi. Kila mmoja anastahiki fungu lake.

Tatizo ni ushahidi. Makubaliano ya Mji wa Kale yalifanywa kwa mdomo, barazani, kati ya watu waliojuana. Mshairi alitoa shairi kwa mapenzi au kwa heshima, mwimbaji akaimba, mwenye duka akarekodi. Hapakuwa na karatasi ambayo mjane au mtoto angeweza kuipeleka ofisini miaka 30 baadaye.

Mkasa wa wimbo wa Malaika unaonyesha kwamba hata walio nje ya taarab hawakuepuka shida hiyo. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi wimbo huo Nairobi na kujitambulisha kuwa mwenyewe, lakini wengine, akiwemo Adam Salim, walidai kwamba wao ndio waliotunga. Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M waliuimba duniani kote. Fadhili aliishi miaka mingi Marekani bila kuwa tajiri, akarejea Kenya na kufariki mwaka 2001.

Njia ya hoteli

Wakati taarab ilitegemea arusi za kisiwani, vijana wengine wa Mombasa walivuka daraja na kufuata watalii. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison, ilijipatia jina hilo mwaka 1972 na kupiga katika hoteli za ufuoni.

Mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison, alitunga Jambo Bwana akiunganisha maneno ambayo mgeni hujifunza siku ya kwanza. Wimbo huo ulitolewa mwaka 1982 na kuuza zaidi ya nakala 200,000, kiwango ambacho hakuna mwimbaji wa taarab ya Mombasa aliyekikaribia. Boney M walitoa toleo lao mwaka 1983. Bendi hiyo ilihamia Nairobi mwaka 1987, na Kalanda akafariki mwaka 2024.

Them Mushrooms walifaulu kwa kurahisisha lugha pale ambapo Bhalo na Zein waliitia uzito. Hata hivyo, nao walikumbana na swali la umiliki, kwa kuwa wimbo wao uliimbwa upya na bendi nyingi za hotelini na za ng'ambo kana kwamba ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajiliwa Marekani kuwa mmiliki wa alama ya biashara ya maneno 'hakuna matata' kwa ajili ya mavazi, jambo lililozua malalamiko makubwa Afrika Mashariki mwaka 2018.

Dini na muziki

Sababu nyingine iliyowayumbisha waimbaji ilitoka ndani ya jamii yenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani hawakuwa na kauli moja kuhusu muziki wa vyombo. Wapo walioiona taarab kuwa burudani ya halali iwapo maneno yake ni ya adabu, na wapo walioikataa kabisa.

Tangu miaka ya 1980 sauti ya wanaoikataa ilipata nguvu, na baadhi ya familia zikaanza kupendelea maulidi, kaswida au dua katika arusi zao. Kwa mwimbaji, hilo lilimaanisha waajiri wachache. Pia lilimwekea mzigo wa nafsi uzeeni, pale watu waliomshangilia ujanani walipoanza kumuusia atubu.

Hali hiyo haikuwa ya Mombasa pekee. Mwaka 2016 Mzee Yusuf, nyota wa taarab ya kisasa nchini Tanzania na kiongozi wa Jahazi, alitangaza kuacha muziki kwa sababu ya dini, ingawa miaka michache baadaye alirejea jukwaani.

Wimbi kutoka kusini

Katika miaka ya 1990, taarab ya kisasa ya Unguja na Dar es Salaam iliingia Mombasa kwa kishindo. Makundi kama East African Melody yalileta vinanda vya umeme, mapigo ya kuchezeka na mipasho ya wazi. Msikilizaji hakuhitaji tena kulifumbua fumbo, kwani alitupiwa neno lenyewe.

Redio za masafa ya FM zilizofunguliwa pwani tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ikiwemo Pwani FM ya shirika la utangazaji la taifa, KBC, zilipiga nyimbo za zamani katika vipindi maalumu na za kisasa kutwa nzima. Vijana wa Mombasa waliojaliwa sauti walielekea kwenye bango, muziki wa Mijikenda uliotiwa ala za umeme, au kwenye muziki wa kizazi kipya.

Udi ndio ulioathirika zaidi. Kinanda kimoja cha umeme kiliweza kutoa sauti ya fidla, akodiani na ngoma kwa pamoja, na mwenye shughuli akalipa watu wawili badala ya wanane.

Saa ya sheria

Siku hizi nyimbo za Bhalo, Zein, Zuhura na wenzao zinapatikana katika simu kwa dakika moja, mara nyingi zikiwa zimetiwa mtandaoni na wapenzi waliozitoa katika kanda za wazazi wao. Maktaba iliyokuwa dukani imehamia kiganjani. Kwa mara nyingine tena chombo kimebadilika, jina limepaa, na fungu la msanii halijulikani linakopita.

Muda nao haumsubiri mtu. Chini ya sheria ya Kenya, haki ya mtunzi wa maneno au mahadhi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mrithi wa mshairi aliyefariki mwaka 2017, kwa mfano, ana dai hadi mwisho wa 2067.

Haki ya mwimbaji katika rekodi haihesabiwi hivyo. Huanza kuhesabiwa tangu mwaka sauti iliponaswa, na hukoma baada ya miaka 50. Kwa kipimo hicho, nyimbo zilizorekodiwa arusini mwaka 1970 zilimaliza muda wake mwaka 2020, na zile za 1975 zilifuata mwishoni mwa 2025.

Hiyo ina maana kwamba kila mwaka unaopita, mwaka mmoja wa enzi ya dhahabu ya taarab ya Mombasa unatoka mikononi mwa walioiimba. Kanda za miaka ya 1980, zilizokuwa nyingi kuliko zote, bado zimo ndani ya muda. Ambalo familia nyingi hazina ni orodha ya nyimbo, tarehe ya arusi na jina la aliyetunga maneno, mambo matatu ambayo wazee waliokuwapo usiku ule bado wanaweza kuyataja.